Tundu la Tufe Namba Sita: Kumuaga Mzee Marcelino Kalinga

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1979, Mzee Marcelino Kalinga atamaliza utumishi wake katika Kiwanda cha Mbao cha Lukwembe, hapa Mafinga, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hakuna mfanyakazi aliye kazini leo aliyemtangulia kuingia langoni. Ndugu Yudith, mhariri wa jarida letu, aliniomba kurasa mbili za kumuaga, akasisitiza ziwe changamfu. Kwa uchangamfu nitajitahidi. Kurasa zitazidi mbili, na sababu itaonekana.

Kwa walioajiriwa karibuni: mwandishi ni Asukile Mwakibinga, karani mkuu wa kiwanda hiki tangu 1955 hadi 1976, na katibu wa klabu ya wafanyakazi kwa miaka saba ya mwisho wa kipindi hicho. Nimestaafu, na kifua changu hakinipi zaidi ya mistari kumi kwa siku. Madaktari wamenieleza hali yangu bila kuzunguka, nami nawashukuru kwa hilo. Mtu aliyeelezwa hivyo huchagua vizuri mistari yake.

Mzee Kalinga alizaliwa Ipogolo, chini ya mteremko wa Iringa, mwaka 1924. Useremala alifundishwa misheni. Alifika Lukwembe Machi 1946 juu ya lori la chumvi, akapewa kazi ya kupanga mabanzi, kazi ambayo haikuhitaji useremala wowote. Aliifanya miaka miwili bila kunung'unika. Kisha akawa mnoa misumeno, na mwaka 1953 akaingizwa karakana, ambako amekaa mpaka leo. Milango ya zahanati yetu ni kazi yake. Madawati ya shule nne za jirani ni kazi yake, na yale ya kwanza bado hayajalegea, ingawa wanaoyakalia wamefanya kila juhudi.

Sifa yake ya kwanza ilikuwa mipini. Hakukubali kutia mpini kwenye shoka au msumeno kabla hajamsalimia atakayeutumia. Salamu zetu huku nyanda za juu hazina haraka. Watu hushikana viganja, wakahamia kwenye vidole gumba, wakarudi kwenye viganja, huku wakiulizana habari za nyumbani, za shamba na za wagonjwa. Mzee Kalinga alikuwa anapima katika salamu hiyo. Alikuwa anakushika kidole gumba, anakuuliza mahindi yamefikia wapi, na kabla hujamaliza kujibu alikwisha kujua unene wa kiungo, upande wenye sugu, na kama una kawaida ya kukaza mkono pasipo na sababu. Mhasibu mmoja alilalamika kwamba ameshikwa kidole muda mrefu kuliko ilivyo heshima. Siku mbili baadaye alipewa rula ya mbao yenye kishikio, akaacha kulalamika.

Klabu yetu ina njia moja ya bolingi, mchezo wa kuvingirisha tufe zito kwenye sakafu ya mbao ili kuangusha vigingi kumi vinavyofanana na chupa. Mzungu mwenye kiwanda aliijengea wageni wake mwaka 1958. Kiwanda kilipokuwa mali ya umma, njia hiyo ikawa yetu pamoja na matufe manane ya mpira mgumu, kila moja na namba yake. Tufe lina matundu matatu: mawili ya vidole vya kati na moja la kidole gumba. Matundu yale yalitobolewa kwa ajili ya watu wengine. Katika miezi sita ya kwanza nusu ya wachezaji walitembea na vidole vilivyofungwa vitambaa, na mnyapara wa yadi akapendekeza kwa maandishi mchezo ufutwe kwa sababu unapunguza nguvu kazi.

Mzee Kalinga hakuwa mchezaji. Alikaa kwenye benchi jioni tatu mfululizo akiwaangalia wanaoumia, kisha akanieleza alichokiona, nami nilikiandika kwa kuwa kila kitu nilikuwa nakiandika. Tundu likibana, alisema, linachuna ngozi, na kila mtu analilaumu. Lakini tundu likilegea ni baya zaidi, kwa sababu mtu anaogopa tufe litamponyoka, anakunja kidole ndani na kulikamua, na maumivu yanakaa kwenye shina la kidole kwa wiki nzima bila kuacha alama. Tundu zuri ni lile ambalo kidole kinatoka chenyewe, kama mgeni aliyeaga vizuri.

Watu walikuwa thelathini na matufe manane, kwa hiyo haikuwezekana kutoboa tufe la kila mmoja. Ufumbuzi wake ulikuwa huu. Alichukua kekee, chombo cha kutobolea, akalipanua tundu la kidole gumba la kila tufe hadi kipimo kimoja kikubwa. Kisha akachonga vipande vya mti wa podo, mviringo kama kizibo cha mtungi, vya kupachikwa katika tundu hilo na kukazwa kwa kuzungusha kidogo. Ndani ya kila kipande alitoboa tundu la kidole cha mtu mmoja, akalilainisha mdomo kwa msasa, akalipaka nta. Tuliviita ala. Kila mchezaji alikuwa na ala yake, imetundikwa kwenye msumari ukutani, jina limechomwa kwa waya wa moto. Ulikuja, ukachukua ala yako, ukaipachika kwenye tufe ulilolipenda, ukacheza.

Maumivu yaliisha. Nasema hivyo kwa ushahidi wa daftari la zahanati, ambalo mwaka 1970 lina vidole gumba ishirini na sita na mwaka 1971 lina kimoja, nacho kilibanwa na mlango. Yudith, wakati huo mpiga taipu wangu, alikuwa mwanamke wa kwanza kuomba ala. Wanaume walimwambia Mzee Kalinga atahitaji kekee ya kutobolea shanga. Yudith akawajibu kwamba ni afadhali kidole chembamba kuliko kisingizio kinene, na mwezi wa tatu akamshinda mnyapara wa yadi. Mafundi wa Kichina waliokuwa wanajenga reli upande wa Makambako walikuja Jumapili moja na chupa zao za chai. Walicheka sana waliposhikwa vidole na mzee asiyejua neno lao hata moja na bado anauliza habari za mashamba yao. Waliondoka na ala tano.

Mchezaji wetu bora alikuwa Magesa Nyanda. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe kutoka kaskazini, naye akaja Lukwembe mwaka 1968 kuendesha msumeno mkubwa. Ana mkono ambao hauingii katika glavu yoyote ya stoo. Tufe lake lilikuwa namba sita, kwa kuwa umbali wa matundu yake ulimfaa. Mzee Kalinga alijifunza salamu ya kwao, mwangaluka, ili ampime vizuri, na Magesa akazoea kumwita baba. Jumapili alikuwa anakula kwake. Mama Helena, mke wa Mzee, alikuwa na sahani kubwa ya pekee iliyotengwa kwa ajili yake.

Hapa ndipo wasifu wa kawaida ungeendelea hadi vyeti. Faili la Mzee Kalinga, ambalo Yudith aliniletea mwezi Mei ili niandike kwa uhakika, lina barua ya onyo kali ya tarehe 2 Agosti 1974. Kwa barua hiyo alinyimwa cheo cha fundi mkuu kilipokuwa wazi, na kwa barua hiyo ratiba ya sherehe ilikuwa imemwandika msaidizi wa karakana, bila cheti cha utumishi mwema. Barua hiyo niliipiga taipu mimi. Haikuwa ya kweli, na aliyejua kwamba si ya kweli ni mtu mmoja tu. Naeleza ilivyokuwa.

Miaka ile kiwanda kilikuwa kinaacha inchi na kuingia milimita. Mimi nilipelekwa mafunzo ya wiki tatu, nikarudi na kalipa ya chuma, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene, na imani kubwa. Niliamua kwamba klabu nayo iwe na rejista ya vidole gumba. Mzee Kalinga alipoulizwa vipimo vyake hakuwa na namba za kutoa. Hilo lilinikera kuliko nilivyolionyesha. Sikuona ni haki kwamba mtu asiyeandika chochote hakosei, na mimi niandikaye kila kitu sina ninachojua.

Mapema Julai 1974 tulialikwa kucheza Mbeya siku ya Sabasaba. Nikawapima wachezaji wote kwa kalipa siku ya Jumatano, saa moja asubuhi, kwenye mstari wa kuitwa majina. Waliokaa Mafinga wanaijua Julai. Siku hiyo kulikuwa na sakitu, umande ulioganda kwa baridi, juu ya magogo, na watu walikuwa wameficha mikono kwapani. Kidole cha Magesa kilisomeka milimita ishirini na tano. Kwa akili yangu mwenyewe nilikuwa nimepanga kwamba tundu lizidi kidole kwa milimita moja. Nikaandika ishirini na sita, nikapiga mstari kwa rula.

Ala mpya ya Magesa, ambayo Mzee Kalinga aliichonga kwa salamu yake kwa ajili ya Mbeya, ilikuwa tayari siku ya Ijumaa. Niliipima. Ilikuwa ishirini na nane. Nilipaswa kumwendea Mzee Kalinga na kumuuliza. Angenijibu, kama alivyowahi kuwajibu wengine, kwamba kidole cha asubuhi ya baridi si kidole cha mchezo, kwamba damu ikichemka kinajaa, na kwamba ndiyo maana salamu yake haiishi haraka: anangoja kipate joto. Sikumuuliza. Alikuwa amekwenda kula. Nilifungua sanduku la huduma ya kwanza, nikakata plasta ya kitambaa, ile nene, nikaizungushia ndani ya tundu mara mbili. Nikapima tena. Ishirini na sita kamili. Nilifurahi. Sikumwambia mtu.

Mchezo ulianza Mbeya saa nane mchana, katika ukumbi wa bati uliojaa watu. Magesa alipojaribu tufe lake namba sita, tulilolibeba kutoka nyumbani, alisema ala inamshika. Nilimwambia ni mpya, itazoea. Raundi ya kwanza alishinda, na ya pili. Katika raundi ya tatu alikuwa anatoka jasho, akarusha, na tufe halikumwachia. Lilimvuta mbele, akaanguka kwa goti, na kidole kikatoka kwenye kiungo kabla hakijatoka kwenye tundu. Sauti niliisikia nikiwa kwenye meza ya hesabu ya pointi.

Watu wote walimkimbilia yeye. Mimi nililikimbilia tufe. Nililibeba hadi chumba cha kuhifadhia vigingi, nikaichomoa ala, nikaibandua plasta yote kwa kucha, nikaitia mfukoni mwa koti. Nilipotoka walikuwa bado wanamfunga mkono kwa kitambaa cha meza. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Meneja aliunda kamati ya watu watatu, na katibu wake nikawa mimi. Magesa alihojiwa mkono ukiwa shingoni. Alisema, "Ilibana. Mtu wa kwanza kunisikia alikuwa Karani. Nasema ilibana." Kamati ikaipima ala: ishirini na nane. Ikafungua rejista: ishirini na sita. Mwenyekiti akahitimisha kwamba tundu lililegea kwa uzembe wa fundi, mchezaji akakamua, akaumia. Kuhusu maneno ya Magesa niliandika kwamba majeruhi hakumbuki vizuri kwa sababu ya maumivu.

Mzee Kalinga aliitwa wa mwisho. Aliishika ala yake, akaingiza kidole chake mwenyewe, akaitazama. Alisema tundu hili ni sahihi kwa Magesa. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole, kama ni sahihi, kijana ameumiaje? Aliizungusha ala, mimi nikichonga penseli. Kisha akasema, "Kama mwenyewe anasema ilibana, basi mimi sikumsikia vizuri aliponisalimia. Labda mkono wangu umezeeka."

Katika kumbukumbu za kikao niliandika: mtuhumiwa amekiri.

Kilichofuata wote mnakijua, ila hamkujua chanzo chake. Mzee Kalinga aliziondoa ala zote ukutani, akazifunga kwenye gunia. Meneja hakumwagiza kufanya hivyo. Alisema mkono uliokosea kwa Magesa unaweza kukosea kwa yeyote. Tangu hapo alitengeneza makreti ya misumari, kazi ya rula na msumeno tu, na walioomba mipini aliwaelekeza kwa mafundi wengine. Wachezaji walirudi kwenye matundu matupu, vidole vikauma, klabu ikafa kwa kukosa watu. Magesa alipona na kidole kilichopinda. Msumeno mkubwa hauendeshwi na kidole kama hicho, akapelekwa kulinda lango. Aliambiwa kwamba fundi amesema alikamua. Fundi hakusema hivyo kamwe. Ilisema karatasi yangu. Magesa akaacha kwenda kula Jumapili.

Kwa miaka mitano nilipita lango lile kila siku ya kazi, kisha kila siku ya posho ya uzeeni, na Magesa alinifungulia. Sina maelezo ya kutosha kuhusu miaka hiyo. Mwanzoni niliogopa kazi yangu. Baadaye kazi haikuwapo tena, na bado nilinyamaza, kwa mazoea.

Tarehe 4 Juni mwaka huu nilimkabidhi meneja taarifa yangu iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili. Tarehe 14 kamati mpya ilikaa, ikaifuta barua ya 1974, ikaagiza Mzee Kalinga aandikwe fundi mkuu, na Magesa arudishiwe haki zake za majeruhi kazini. Utawala umefanya haraka kuliko nilivyoujua. Lakini Yudith alikuwa na habari nyingine. Mzee Kalinga alikwisha kumwambia tangu Mei kwamba hatakuja kwenye sherehe. Alisema blanketi na redio wampelekee na lori la mbao linaloshuka Iringa, na wasimfanyie hotuba, kwa kuwa mtu haagwi kwa kazi iliyomlemaza mwenzake. Barua ya kufutiwa onyo alipelekewa nyumbani. Hakuifungua.

Kwa hiyo tarehe 16, siku ya Jumamosi, Yudith alinishika mkono tukaenda kwanza langoni. Sikutaka kumpitia Magesa kama karani anayepitia lango. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kabla barua yake haijamfikia. Aliniacha nimalize, kisha akacheka, kicheko ambacho hakikuwa na furaha.

"Miaka mitano naambiwa nilikamua," alisema. "Hata mke wangu ananiambia, Magesa, wewe hukamua kila kitu. Karani, wewe ni mtu mzima."

Nilisema ndiyo.

"Baba anajua?"

Nilisema amepelekewa barua, hakuifungua.

"Barua tena," alisema. Alimwita mwenzake ashike lango, akavaa kofia yake vizuri. "Twende. Utasema kwa mdomo, na mimi nikiwepo. Ukimpa karatasi nitaichana."

Nyumba ya Mzee Kalinga iko safu ya nyuma ya kota, si mbali, lakini nilipumzika mara tatu, na Magesa alisubiri kila mara. Tulimkuta Mzee uani akipanga vyombo vyake vya kazi kwenye sanduku la safari. Alimwona Magesa kwanza. Alisimama, akakaa tena. Mama Helena alileta viti, akabaki mlangoni.

Nilieleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, kuanzia sakitu hadi mfukoni mwa koti. Mzee Kalinga hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama mikono yake iliyokuwa magotini. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Plasta mizunguko mingapi?"

"Miwili, Mzee."

"Ile ya kitambaa?"

"Ile ya kitambaa."

Alihesabu unene wake. Alimwomba Mama Helena lile gunia. Alitafuta ndani yake bila haraka, akatoa ala yenye jina la Magesa, akaizungusha kwenye mwanga. Ndani ya tundu kulikuwa bado na mstari mwembamba wa gundi, mweusi kwa vumbi la miaka. Alikuwa ameiweka gizani bila kuitazama tena. Siku ya kamati gundi ilikuwa haijashika vumbi; angeitazama mara moja tu baadaye angeuona.

"Basi nilimsikia vizuri," alisema.

Hakumwambia yeyote kati yetu. Magesa aligeuka akatazama ukuta wa jirani. Mama Helena ndiye aliyelia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba miaka mitano mzee huyu hashiki kisu cha jikoni bila kukitilia shaka, na kwamba yeye ameishi na seremala anayeomba kukatiwa mkate.

Sikuomba msamaha siku ile. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini niliona kwamba yangewalazimu wanijibu. Magesa alimsaidia Mzee kufunga sanduku. Walizungumza habari za Usangu, mvua za mwaka huu, ng'ombe waliobaki. Nilipoinuka kuondoka Mzee Kalinga akaniita kwa cheo changu cha zamani.

"Bwana Karani. Yudith anasema umeandika hotuba ya kuniaga."

Nilisema ni wasifu tu, Yudith atausoma.

"Yudith asisome. Nitakuja kwenye sherehe, lakini usome wewe. Yote, mpaka plasta."

Yudith alisema afya yangu hairuhusu. Mzee alisema atangoja. Mtu asome mstari, apumzike, asome mwingine, hakuna anayekimbilia basi. Magesa alisema atasimama karibu yangu na glasi ya maji, na kwa namna alivyolisema sikujua kama ni ukarimu au ulinzi. Huenda ni vyote viwili.

Basi wafanyakazi wenzangu, mnaosoma haya katika jarida mtakuwa mmekwisha kuyasikia kwa sauti yangu, pamoja na vituo vyake. Kama pumzi ilinikatikia njiani, Yudith ana ruhusa ya kumaliza kutoka hapo nilipoishia, na Mzee Kalinga ameikubali ruhusa hiyo baada ya kubishana nayo.

Kwa niaba ya kiwanda, tunakushukuru, Mzee Marcelino Kalinga, kwa milango inayofunga, kwa madawati, kwa mipini ambayo haikumtoa mtu malengelenge, na kwa miaka minne ambayo wafanyakazi thelathini walicheza bila maumivu. Tunamshukuru Mama Helena kwa subira ambayo hatukuistahili. Huko Ipogolo upate jua la kutosha, wajukuu wenye adabu ya wastani, na majirani wenye mashoka yasiyo na mipini. Usingizi wako uwe mzito.

Na kwa kuwa nilikuwa karani, naomba niingize marekebisho ya mwisho katika kumbukumbu za klabu, yasomeke badala ya yale niliyoyaandika Julai 1974: Tufe namba sita, mchezaji Magesa Nyanda. Mchezaji alisema kweli. Tundu la fundi lilikuwa sahihi. Aliyelibana ni katibu.

A. Mwakibinga
Mafinga, 23 Juni 1979